Simba na hesabu ya umri: Siku tatu za Kigoma zilizoeleza mengi

UWANJA wa Lake Tanganyika mjini Kigoma si miongoni mwa viwanja vikubwa vya nchi hii, na uko zaidi ya kilometa 1,200 kutoka Dar es Salaam, yaliko makao ya klabu zinazotawala soka ya Tanzania. Pamoja na hayo, mkazi wa Ujiji, Gungu au Kibirizi aliyekwenda kukaa jukwaani hapo katika siku tatu tu, kati ya mwaka 2021 na 2024, ameshuhudia kisa ambacho mashabiki wengi wa soka wamekuwa wakikijadili vijiweni bila kufika mwisho: je, timu iliyojengwa juu ya wachezaji wenye umri mkubwa inaweza kuendelea kushindana na wapinzani wenye damu changa?

Siku ya kwanza ilikuwa Julai 25, 2021. Simba, ambayo tayari ilikuwa imetwaa ubingwa wa Ligi Kuu kwa mara ya nne mfululizo, ilishuka Kigoma kucheza na mtani wake wa jadi, Yanga, katika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Yanga ilibaki pungufu baada ya Mukoko Tonombe kutolewa kwa kadi nyekundu, na bao la kiungo Mganda, Taddeo Lwanga, likaamua mchezo. Simba ikaondoka na kombe la pili la msimu huo. Hakuna aliyezungumzia umri siku ile. Timu iliyoshinda haiulizwi cheti cha kuzaliwa.

Siku ya pili ilikuwa Aprili 9, 2024, ikiwa ni mkesha wa Sikukuu ya Idd-el-Fitr. Safari hii mpinzani alikuwa mwenyeji, Mashujaa FC, timu ya Jeshi ambayo ilikuwa katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu baada ya kuiondoa Mbeya City katika mchujo wa mwaka 2023. Dakika 90 zilimalizika kwa sare ya bao 1-1, na katika mikwaju ya penalti Mashujaa ikashinda kwa 6-5. Simba ikatolewa katika mashindano ya Shirikisho na klabu ambayo mwaka mmoja kabla ilikuwa daraja la chini. Kigoma ilianza Idd mapema.

Katikati ya siku hizo mbili kuna miaka mitatu isiyotimia. Ndani ya miaka hiyo ndimo limo jibu la swali.

Maelezo yaliyotolewa haraka baada ya kipigo cha Aprili yalikuwa kwamba Simba imezeeka. Ni maelezo mepesi na yana sehemu ya ukweli, lakini yanapaswa kupimwa. Kwanza, haikuwa timu nzima iliyozeeka. Beki Che Malone Fondoh, aliyesajiliwa mwaka 2023, alikuwa kijana. Kibu Denis naye alikuwa na mbio za kutosha. Uzee ulikuwa umejikusanya mahali pamoja, yaani katika mstari wa kutengeneza na kufunga mabao. Mwanzoni mwa Novemba 2023, Clatous Chama alikuwa na umri wa miaka 32, nahodha John Bocco miaka 34 na Saidi Ntibazonkiza miaka 36. Hao ndio ambao Simba iliwatazama kila ilipohitaji bao.

Pili, wakongwe hao hawakuwa wameisha. Ntibazonkiza ni mfano unaostahili kutazamwa kwa utulivu, hasa na watu wa Kigoma, kwa kuwa ni mtoto wa ziwa hilihili. Alizaliwa Mei 1, 1987 mjini Bujumbura, katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, akacheza Uholanzi, Poland, Uturuki na Ufaransa, na akawa nahodha wa Burundi. Alijiunga na Simba Desemba 2022 akitokea Geita Gold, baada ya kupita Yanga, wakati ambapo wachezaji wengi wa umri wake wamekwisha kuwa makocha au wachambuzi wa redioni. Alimaliza msimu huo wa 2022/23 akiwa na mabao 17 ya ligi, sawa na Fiston Mayele wa Yanga aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka saba. Mtu mwenye takwimu hizo haiwezekani kumwambia kwamba hawezi tena mpira.

Chama naye, Machi 18, 2023, alifunga mabao matatu wakati Simba ikiisambaratisha Horoya ya Guinea kwa mabao 7-0 katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Mwezi uliofuata Simba iliifunga Wydad ya Morocco, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika, bao 1-0 jijini Dar es Salaam kabla ya kutolewa kwa penalti Casablanca. Timu hiyo iliyokuwa ikiitwa ya wazee ilikuwa inasimama na vigogo wa bara hili. Ila bao la siku ya Wydad, kwa kumbukumbu tu, lilifungwa na Jean Baleke, aliyekuwa na miaka 22.

Sasa, kama wakongwe walikuwa bado wanaweza, kilichoharibika ni nini?

Jibu lipo katika kalenda. Mkongwe hashindwi kucheza mchezo mmoja. Anashindwa kuurudia baada ya siku tatu. Ufundi wa mguu haupotei kwa urahisi, na jicho la kuona pasi huongezeka kadiri mtu anavyokua. Kinachopungua ni kasi ya mwili kujirudisha katika hali yake baada ya kuchoka. Kwa hiyo timu ya wakongwe inaweza kuonekana bora kabisa Jumamosi na ikaonekana imekufa Jumatano, ikiwa na watu walewale.

Ushahidi wa hilo uko Kigoma kwenyewe. Mapema Februari 2024, ligi iliporejea baada ya kusimama kupisha Fainali za Mataifa ya Afrika, Simba ilikwenda Uwanja wa Lake Tanganyika na kuifunga Mashujaa 1-0. Wachezaji wa Simba hawakuwa vijana Februari na kuzeeka ghafla Aprili. Tofauti ni kwamba Februari walikuja wakiwa wamepumzika. Aprili walikuja wakitokea vitani: Machi 29 walifungwa na Al Ahly 1-0 jijini Dar es Salaam, Aprili 5 wakafungwa tena 2-0 mjini Cairo na kutolewa katika robo fainali ya Afrika, na siku nne baadaye walitakiwa kuwa Kigoma. Anayejua safari ya kutoka Dar es Salaam hadi mwisho wa reli ya kati anaelewa kwamba Kigoma si mahali pa kupitia ukiwa umechoka.

Ikumbukwe pia mchezo wa Novemba 5, 2023, ambao mashabiki wa Msimbazi wasingependa ukumbushwe. Yanga iliifunga Simba 5-1, lakini wengi wanaotaja matokeo hayo husahau kwamba hadi mapumziko ubao ulisomeka 1-1. Mabao manne yaliyobaki yaliingia baada ya saa moja ya mchezo. Siku 16 kabla, Simba ilikuwa imetoka sare ya 2-2 na Al Ahly katika ufunguzi wa mashindano mapya ya African Football League, kisha 1-1 mjini Cairo siku nne baadaye, na ligi ya nyumbani ikaendelea bila kusubiri. Katika mchezo wa watani, akili ya Simba ilidumu dakika 60 na miguu ikakataa kuendelea. Kocha Roberto Oliveira alifukuzwa ndani ya siku mbili. Miguu ikabaki ileile.

Inafaa hapa kutazama nje ya soka kidogo, kwa kuwa mfano unaotolewa mara nyingi kuwatetea wakongwe unatoka katika mpira wa kikapu. Mwaka 2014, San Antonio Spurs ya Marekani ilitwaa ubingwa wa NBA kwa kuifunga Miami Heat michezo 4-1, ikiwa na Tim Duncan mwenye miaka 38, Manu Ginobili mwenye 36 na Tony Parker mwenye 32. Wapinzani wao ndio waliowafunga mwaka mmoja kabla. Wapenzi wa timu zilizozeeka hupenda kuishia hapo. Wanachosahau ni jinsi kocha Gregg Popovich alivyoupanga msimu mzima: hakuna mchezaji hata mmoja wa Spurs aliyekuwa na wastani wa dakika 30 kwa mchezo, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla katika historia ya ligi hiyo. Na aliyetangazwa mchezaji bora wa fainali hakuwa Duncan wala Ginobili. Alikuwa Kawhi Leonard, kijana wa miaka 22.

Soka haina uhuru huo. Katika kikapu mchezaji hutoka, akapumzika, akarudi. Katika soka anayetoka ametoka. Hata kanuni ya wachezaji watano wa akiba, iliyoanza kutumika mwaka 2020, haimpi kocha nafasi ya kumrudisha mkongwe uwanjani dakika ya 80. AC Milan ilitwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2007 nahodha wake, Paolo Maldini, akiwa anakaribia miaka 39, lakini msimu huohuo wa ligi ya Italia ilimaliza ya nne, japo ni haki kutaja kwamba ilianza ikiwa imenyang'anywa pointi. Mashindano ya mtoano yenye wiki mbili au tatu kati ya hatua na hatua humpa mkongwe muda wa kupumua. Ligi haimpi.

Ndiyo maana kosa la Simba halikuwa kuwa na wakongwe. Kosa lilikuwa namna walivyofika kuwa wengi katika mstari mmoja, na hapa lazima turudi katika dirisha la usajili lililofuata fainali ile ya Kigoma.

Agosti 2021, mwezi mmoja tu baada ya kombe, Simba iliwauza wachezaji wake wawili waliokuwa moto kuliko wote: Luis Miquissone alikwenda Al Ahly na Chama akaenda RS Berkane ya Morocco. Kuuza si dhambi. Ndivyo klabu za Afrika zinavyopata fedha. Lakini ilipofika zamu ya kuziba mapengo, Simba ilimrudisha Chama Januari 2022. Mwaka 2023 ikamrudisha Miquissone. Katikati yake ikamchukua Ntibazonkiza, ambaye aliwahi kuvaa jezi ya Yanga na kila shabiki alimjua. Januari 2024 iliachana na Baleke na Moses Phiri, ikaleta washambuliaji wapya ambao mmoja wao, Pa Omar Jobe, hakudumu hata mwaka. Kila ilipotafuta kesho yake, klabu ilikwenda kuinunua jana, kwa sababu jana ilikuwa na jina na jina huwatuliza wanachama.

Upande wa pili, Yanga iliyofungwa Kigoma iliondoka ikiwa na aibu, na aibu wakati mwingine ni mshauri mzuri. Kabla ya msimu wa 2021/22 ilimleta Mayele, kipa Djigui Diarra, kiungo Khalid Aucho, pamoja na Djuma Shabani na Yannick Bangala. Wengi wao walikuwa katika umri wa kati ya miaka 26 na 28, si watoto, lakini wakiwa na misimu kadhaa mbele yao. Msimu huo Yanga ilitwaa ubingwa bila kupoteza mchezo, ikiwa na pointi 74 dhidi ya 61 za Simba. Msimu uliofuata ilikuwa 78 kwa 73. Mwaka 2023/24 Yanga ilifikisha 80, na Simba iliyomaliza na 69 ikashushwa hadi nafasi ya tatu na Azam kwa tofauti ya mabao, hivyo kukosa tiketi ya Ligi ya Mabingwa.

Tiketi hiyo ndiyo hasara yenyewe. Mashabiki hulilia kombe, lakini katika vitabu vya klabu kukosa Ligi ya Mabingwa ni kukosa fedha za Shirikisho la Soka Afrika, mapato ya milangoni na hoja ya kumshawishi mchezaji mzuri kuja. Timu ikizeeka na ikakosa fedha kwa wakati mmoja, huwa haina tena uwezo wa kununua ujana.

Simba iliponea hapo. Kocha Abdelhak Benchikha aliondoka mwishoni mwa Aprili 2024, na baada ya msimu kumalizika uongozi ukafanya kile ulichokuwa ukikiahirisha kwa miaka mitatu. Chama, Bocco, Ntibazonkiza na Miquissone wote waliondoka. Alikuja kocha Fadlu Davids kutoka Afrika Kusini na kundi kubwa la wachezaji ambao majina yao yalikuwa mageni masikioni: Jean Charles Ahoua, Steven Mukwala, Joshua Mutale, Debora Fernandes, Moussa Camara na wengine. Wapo waliosema klabu imejigeuza shule ya chekechea.

Na hapo ndipo inapoingia siku ya tatu ya Kigoma. Novemba 1, 2024, Simba mpya ilirudi katika uwanja uleule, mbele ya Mashujaa ileile, ikabanwa hadi saa ya mwamuzi ilipoonyesha kwamba dakika 90 zimekwisha. Katika dakika za majeruhi Mukwala, Mganda wa miaka 25, akafunga bao la pekee. Mchezo mmoja si ushahidi wa kila kitu, na Mashujaa ilistahili pointi siku hiyo. Lakini mahali ambapo miezi saba kabla Simba ilimaliza ikiwa hoi, safari hii ilikuwa bado inashambulia.

Msimu huo wa 2024/25 vijana walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakafungwa na RS Berkane kwa jumla ya mabao 3-1. Ahoua, mwenye miaka 23, akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16. Pointi zilipanda kutoka 69 hadi 78. Hata hivyo ubingwa haukuja. Ulikwenda tena Jangwani kwa pointi 82, baada ya Yanga kushinda mchezo wa mwisho kati yao 2-0 hapo Juni 25, 2025. Kwa hiyo anayedai kwamba ujana peke yake hushinda makombe naye ana kazi ya kueleza.

Kazi hiyo inakuwa ngumu zaidi akitazama nani alikuwa katika kikosi cha Yanga siku hiyo ya kusherehekea. Chama alikuwamo. Mchezaji yuleyule ambaye kwa Simba alionekana alama ya timu iliyopitwa na wakati, alipovuka barabara ya Kariakoo akiwa na miaka 33 alitwaa ubingwa wa ligi na Kombe la Shirikisho katika msimu mmoja. Jonas Mkude, aliyeachwa na Simba mwaka 2023, naye alipata mataji Yanga. Hawakuwa wamepata ujana mpya Jangwani. Huko walikuwa wachezaji wa kuongeza; hawakuwa nguzo, na timu haikuanguka siku ambazo hawakucheza.

Watu wa Kigoma hawahitaji kufundishwa sana juu ya jambo hili, kwa kuwa wana Liemba. Meli hiyo ilizinduliwa mjini hapo mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na kurudi kazini mwaka 1927. Wageni huja kuishangaa kwa umri wake. Wanachokisahau ni kwamba miaka ya 1970 injini zake za mvuke zilitolewa na kuwekwa za dizeli. Bodi ni la zamani, mashine si zile.

Kwa Mashujaa yenyewe, ushindi wa Aprili 2024 una hatari yake. Ni rahisi kuamini kwamba klabu ndogo imemfikia mkubwa, wakati ukweli ni kwamba ilimkuta mkubwa akiwa ametoka Cairo na miguu ya miaka 30 na ushee. Nafasi kama hiyo haitajirudia kila mwaka. Kigoma ni mkoa ambao kwa miongo mingi umetoa wachezaji na kuwapeleka Dar es Salaam. Golikipa Juma Kaseja, aliyesimama langoni kwa Taifa Stars na kuiondoa Burundi kwa penalti Septemba 2019 akiwa na miaka 34, ni mmoja wao. Klabu ya Ligi Kuu ikiwa na makao mjini hapo, vijana wa viwanja vya mchanga vya Ujiji na Katonga wana mlango wa karibu kuliko wowote waliowahi kuwa nao. Iwapo Mashujaa itawafungulia, au itajaza kikosi kwa wachezaji walioachwa na timu za pwani kwa sababu majina yao yanajulikana, ni uamuzi unaofanywa kila dirisha la usajili linapofunguliwa. Ndio uamuzi uleule ambao Simba iliukosea mara tatu.

Kati ya wachezaji waliokuwa katika kikosi cha Simba cha msimu ule wa kombe la Kigoma, beki wa kushoto Mohamed Hussein alihamia Yanga katikati ya mwaka 2025, na kipa Aishi Manula akaenda Azam. Shomari Kapombe, aliyezaliwa Januari 28, 1992, alibaki Msimbazi. Alianza msimu wa 2025/26 akiwa na kitambaa cha unahodha, akiwa amezungukwa na wenzake ambao wengi wao Julai 25, 2021 walikuwa bado hawajakanyaga ardhi ya Tanzania.